Adui wa mwanachama mmoja ni rafiki wa mwingine, halafu tunaulizwa maoni ya katiba ya Afrika Mashariki!

Ndugu wanajamvi,

Nimechoka kuambiwa kwamba matishio ya usalama yataiimarisha Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Nchi za Mstari wa Mbele zilishikamana kwa sababu utawala wa makaburu wa Afrika Kusini ulikuwa adui wa Dar es Salaam, Lusaka na Maputo kwa pamoja. Sisi leo kila mji mkuu una adui wake, na mara nyingi adui huyo anadaiwa kufugwa na jirani.

Kongo ilitia saini kujiunga Aprili 2022. Novemba mwaka huohuo kikosi cha Jumuiya kikaingia Goma, mashariki mwa Kongo, na Desemba 2023 kikafungashiwa virago, kwa kuwa Kinshasa ilitaka kipigane na waasi wa M23 ilhali wengine walisema kazi yake ni kusimamia uondokaji wa waasi. Wakaja wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwemo wetu wa Tanzania, kukabiliana na kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linasaidiwa na Rwanda, mwanachama mwenzetu. Kigali inakanusha, na inasema hatari yake ni FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda waliojificha Kongo. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, ikiituhumu kuwasaidia RED-Tabara, waasi wanaoipinga serikali ya Burundi. Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, Rais Tshisekedi wa Kongo hakuhudhuria hata mkutano wa dharura wa wakuu wa nchi wenzake.

Anayeumia ni mwananchi. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulipofungwa Februari 2019, Kigali na Kampala zikishutumiana kwa ujasusi, malori ya Kigali yalilazimika kuzungukia mpaka wa Kagitumba, na wenye maduka upande wa Uganda, waliozoea wateja wa kuvuka kwa miguu, wakabaki wakitazama barabara tupu. Hali hiyo ilidumu karibu miaka mitatu, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, haikuwasaidia chochote.

Katikati ya yote haya, bila haya, tunaitwa kumbini kutoa maoni ya katiba ya konfederesheni, yaani muungano wa kisiasa ambamo kila nchi hubaki na mamlaka yake, iliyokubaliwa mwaka 2017! Viongozi wasijitetee kwamba maamuzi ni ya maafikiano. Ibara ya 146 ya Mkataba wa Jumuiya inaruhusu kumsimamisha mwanachama anayekiuka misingi ya Jumuiya, na Ibara ya 148 inasema maoni ya mtuhumiwa hayatahesabiwa. Ni nani kati yao aliyewahi kuthubutu kuzitaja mezani?