Naomba ushauri: OSPF kwenye njia mbili zisizolingana kasi, Dodoma mjini hadi Mtumba

Wakuu, habari za majukumu. Nina ofisi mbili, moja Dodoma mjini, nyingine Mtumba. Kati yake kuna faiba ya Mbps 100 na kiungo cha redio (wireless) cha Mbps 20. Ruta ya mjini ni Cisco, ya Mtumba ni MikroTik, hivyo zinaongea OSPF, itifaki ya wazi ambayo ruta za kampuni tofauti hutumia kuchagua njia yenye gharama (alama ya njia) ndogo zaidi. EIGRP, itifaki ya Cisco, na amri yake ya variance inayogawa trafiki kwa uwiano kwenye njia zisizolingana, ingemaliza kazi, ila MikroTik haina.

Tatizo: redio imechomekwa kwenye poti ya Mbps 100, na Cisco hupiga gharama kwa kasi ya poti, haijui redio yenyewe inabeba kiasi gani. Njia zote mbili zikasomeka gharama 1, trafiki ikagawanywa nusu kwa nusu. Mgawanyo hufuata anwani, siyo pakiti, kwa hiyo kompyuta ya mhasibu ikaangukia redio na mfumo ukawa unakwama, huku meza ya jirani wanapeta kwenye faiba! Nikaiwekea redio gharama 5 pande zote. Sasa faiba inabeba yote, redio imekaa bure. OSPF haigawi kwa uwiano. Ni sawa kwa sawa au basi.

Nafikiria kukata faiba VLAN 5 (mitandao pepe ndani ya waya mmoja), kila moja gharama sawa na redio, nipate 5 kwa 1, na maximum-paths (idadi ya njia sawa ambazo ruta hutumia kwa pamoja) niipandishe kutoka 4. Ni ujanja ujanja, najua. Kuna aliyejaribu? Au nipitishe CCTV tu kwenye redio kwa sera ya ruta (kuiambia trafiki ipi ipite wapi), faiba ikikatika ndipo ibebe yote?