Mikono inakaza sebene ikinoga, nikae vipi kwenye dramu na nifanye mazoezi gani?

StikiMbili_Moro aliandika:

Wakuu habari za jioni. Napiga dramu kanisani hapa Morogoro, ibada ya kwanza na ya pili, kwenye nyimbo za kuabudu sina shida kabisa ila kimbembe kinaanza pale kiongozi wa sifa akishaita sebene na mpiga solo akapanda juu, dakika mbili tatu za kwanza niko vizuri halafu mkono wa kulia unaanza kukaza kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini, vidole vinabana stiki mpaka wimbo ukiisha nashindwa hata kuvifungua vizuri. Na tempo inapanda yenyewe, Jumapili iliyopita niliwasha metronomi (kile kipima kasi) kwenye simu tukaanza midundo 126 kwa dakika tukamaliza karibu 140, mpiga besi ananiangalia tu.

Sina mwalimu, nimejifunza kwa kuangalia wenzangu. Kila nikiuliza naambiwa sina nguvu nipige pushapu. Seti ni ya kanisa, vipande vitano, kiki (ile dramu kubwa ya mguu) inchi 22, kiti kibovu kinateleza kinashuka chenyewe katikati ya ibada. Nyumbani sina dramu. Naombeni msaada kwa anayejua, nakaaje na nafanya mazoezi gani?

Mdundo_Kino:

Mkuu nunua stiki za saizi ya 5B zile nene uzitumie mwezi mzima nyumbani, ukirudi kwenye 5A nyembamba utaziona nyepesi. Na pushapu usiache.

FundiSnea:

Mdogo wangu, mimi dramu ndiyo inanilisha, napiga bendi ya dansi hapa Dar na kazi za studio zikitokea nafanya, kwa hiyo nitaandika kirefu kwa sababu hili nakutana nalo kila mara kwa vijana wa makanisani na linaniuma, wana vipaji vikubwa halafu wanaacha dramu mapema kwa sababu ya mkono. Pushapu weka pembeni kwanza. Mkono wako una nguvu za kutosha, zinaishia kwenye kubana.

Tuanze na kiti maana nusu ya tatizo iko hapo. Kiti kikishuka, magoti yanapanda juu ya nyonga, mguu wa kulia unajibeba wenyewe kila unapokanyaga pedali, mgongo unapinda, mabega yanapanda, na bega likishapanda mkono wote unakaza mpaka kwenye ncha za vidole. Wewe unasikia maumivu kwenye mkono kumbe yameanzia kwenye kukaa. Pandisha kiti mpaka mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Jipime hivi, inua nyayo zote mbili kidogo kutoka kwenye pedali ukiwa umekaa, ukiyumba mbele au nyuma basi uzito wako ulikuwa miguuni, na miguu hiyo ndiyo unataka icheze. Hicho kinachoteleza kitengeneze wiki hii usisubiri bajeti ya kanisa, nenda duka la vifaa vya ujenzi nunua ile klipu ya skrubu wanayobania mpira wa maji, ifunge kwenye lile bomba la ndani pale pale linapoingilia kwenye bomba la nje, kaza kwa bisibisi, hakitashuka tena.

Ukishakaa vizuri ndipo unavuta dramu zikufuate. Wengi wanakuta seti imepangwa na mtu mwingine wanakaa hivyo hivyo kwa heshima, aliyepanga ana mikono mirefu wewe mfupi, ibada nzima unanyoosha bega kutafuta krashi, ile sahani ya kusisitizia. Kila ibada jipe muda wa kusogeza vitu. Snea, ile dramu ya katikati ya magoti, iwe juu kidogo ya mapaja, usawa wa mkanda wa suruali, stiki ikilala kwenye ngozi isiguse paja. Haihati, zile sahani mbili za kufunga na kufungua kwa mguu, ipandishe, ikiwa chini sana mkono wa kushoto haupati pa kuinukia chini ya wa kulia, unaishia kugonga stiki kwa stiki. Tomu, zile dramu nyingine za kuzungushia, ziinamishe kidogo tu, zikisimama sana stiki inatua kwa ncha na utaona vishimo kwenye ngozi.

Sasa mkono wenyewe. Chukua stiki ishike kwa kidole gumba na cha shahada tu, karibu theluthi moja kutoka nyuma, iinue juu ya snea halafu iachie idondoke bila kuizuia. Itaruka mara kadhaa, kila mara chini zaidi, mpaka itulie. Sogeza vidole mbele kidogo nyuma kidogo mpaka upate sehemu inaporuka mara nyingi kuliko zote, hapo ndipo pa kushika. Vidole vitatu vilivyobaki vinaizunguka tu. Halafu piga pigo moja moja ukiangalia stiki inavyorudi yenyewe. Kudunda mpira ndiyo hivyo hivyo, unausukuma chini halafu unaupokea, huuvuti juu kwa mkono. Wewe kwenye sebene unapiga chini halafu unainua kwa nguvu zako, yaani unafanya kazi mara mbili, na ngozi ilikuwa tayari kukufanyia nusu.

Kwenye haihati kuna kitu kingine kinachookoa sana. Kifundo cha mkono kikishuka, piga kwa shingo ya stiki kwenye ukingo wa haihati, kikipanda acha ncha iguse juu ya sahani, hivyo mwendo mmoja wa kushuka na kupanda umekupa mapigo mawili, moja zito moja jepesi. Wamarekani wanaihusisha njia hii na Sanford Moeller, aliichukua kwa wapiga ngoma wa zamani wa jeshi. Mtafute Tony Allen yule aliyepiga na Fela Kuti umwangalie mikono, utaona vifundo vimelegea wakati muziki umejaa, na alipiga mpaka uzeeni, amefariki 2020 akiwa na miaka 79.

@Mdundo_Kino kaka sikukatai kwa ubaya ila stiki nene kwa mtu anayebana zitamfundisha kubana zaidi. Aanze na 5A, akishalegea atachagua mwenyewe.

StikiMbili_Moro:

Duh kaka nimesoma mara mbili, asante sana. Nimejaribu hiyo ya kuidondosha stiki hapa kwenye stuli ya mbao, kweli nilikuwa nashika mbele mno. Sasa mazoezi, naweza kupigia mto? Na hiyo tempo kupanda nafanyaje?

DadaWaNyali:

Salaam, mie niko Mombasa, nacheza dramu kwenye bendi za hoteli. Mto usiuzoee, mto haurudishi stiki kabisa, utajifunza kuinua kwa nguvu, na hilo ndilo kaka hapo juu anakukataza. Kata kipande cha plaiwudi cha saizi ya sahani, chukua mpira wa ndani wa tairi, uvute juu yake na upigilie misumari midogo kwa chini. Unarudisha stiki vizuri na hausumbui majirani.

Na masikio jamani, hakuna anayeyataja. Kiwango cha usalama kazini wanachotumia watu wa afya Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili, kwa hiyo ukifika 100 una dakika 15 tu. Dramu chini ya bati kwenye ukumbi wa saruji zinafika huko bila taabu na wewe unapiga ibada mbili. Nunua vile vizibo vya sponji, ni bei ya chini. Utaona pia unapiga polepole zaidi kwa sababu makelele ya krashi hayakupandishi mori.

Snea nayo ikilia vibaya utaipiga kwa nguvu ukiitafutia sauti, kwa hiyo itengeneze. Legeza boliti zote, kaza kwa vidole mpaka zishike, halafu ufunguo uzungushe nusu nusu kwa kuvuka, boliti hii kisha ile inayotazamana nayo, usizunguke kwa mpangilio wa saa ngozi itapinda. Gonga kidogo kwa ncha karibu na kila boliti, sauti zikilingana pote basi. Ngozi ya chini ni nyembamba sana, iendee taratibu. Ikiwa bado inavuma sana bandika kipande kidogo cha selotepu ukingoni, kidogo tu, nimeona snea za kanisa zimefunikwa leso nzima mpaka zinalia mbao.

FundiSnea:

Dada umesema kweli kabisa hasa hilo la masikio.

Mdogo wangu kuhusu mazoezi, ukishatengeneza hicho kipande cha mpira fanya dakika 20 kila siku kuliko saa tatu Jumamosi. Weka metronomi 60, piga mapigo manne ndani ya kila mdundo, kulia kushoto kulia kushoto, sauti ya mkono wa kushoto ilingane na ya kulia, hapo wengi wanafeli maana wa kushoto unanong'ona. Kisha mawili mawili, kulia kulia kushoto kushoto. Kisha paradidli, kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto. Chama cha wapiga ngoma cha kimataifa cha PAS kina orodha ya rudimenti 40, yaani mifumo ya msingi ya mapigo, ila hizi tatu zikikaa mkononi zinakutosha kwa muda mrefu. Mkono ukiwa umelegea kabisa ongeza 4 kwenye metronomi, siku ukihisi kiwiko kinaanza kukaza rudi nyuma 8 ubaki hapo, usilazimishe. Mkono ukikaza unajifunza kukaza. Na yakiwa maumivu ya kuchoma au ganzi kwenye vidole acha kupiga nenda hospitali, huo siyo uchovu.

Tempo inapanda kwa sababu mbili. Ya kwanza tumeshaizungumza, mkono ukichoka unaanza kukimbilia pigo linalofuata ili umalize. Ya pili ni roli, yaani yale mapambo ya kuvusha wimbo, nina uhakika kila ukizungusha tomu kuingia kipande kipya unatoka ukiwa na kasi zaidi, ukizungusha mara kumi umeshafika hiyo 140. Fanya hivi, weka metronomi igonge mdundo wa pili na wa nne tu, wa kwanza na wa tatu uvijaze mwenyewe, halafu piga gruvu, yaani mdundo wa kawaida wa wimbo, kwa hesabu nane na roli kwa hesabu nne, rudia. Utasikia mwenyewe unapokimbilia. Ukiweza, igize roli kwa mdomo kabla ya kuipiga, usichoweza kukiimba kwa tempo hiyo hutakipiga kwa tempo hiyo.

Na usikilize sebene kwenye chimbuko lake. Zaïko Langa Langa wa Kinshasa miaka ya 1970 ndio waliovumisha ule mdundo wa kavacha kwenye snea, mpiga dramu wao Meridjo Belobi ndiye anayetajwa nao, na bendi za Nairobi na Dar wakauchukua. Sikiliza zile rekodi ukiwa umeacha stiki kabisa. Kiki inatembea imetulia, snea inaongea sentensi ile ile bila kubadilika, anayepamba ni gitaa. Kanisani kwako naona kila mtu anapamba kwa pamoja, na wewe ndiye wa kwanza kuacha. Kubaliana na mpiga besi, kiki yako na noti yake vitue pamoja, akikutazama mtazame na wewe.

StikiMbili_Moro:

Sawa kaka, sawa dada. Klipu naifuata kesho asubuhi. La mwisho, mguu wa kulia nikanyage kisigino kikiwa chini au juu? Nachoka pia paja nikikanyaga nne kwa nne sebene nzima.

FundiSnea:

Kisigino chini kwa nyimbo za kuabudu, sauti inakuwa ndogo na unaimudu. Sebene kinyanyue kidogo tu, uzito wa mguu ndio unaoshuka, usipige kwa paja. Angalia na springi ya pedali, ikiwa imekazwa sana unapigana nayo kila pigo, ilegeze mpaka nyundo irudi kwa wakati bila kukusukuma mguu. Na nyundo usiiache imegandamiza ngozi, iache irudi. Ndani ya kiki weka blanketi jepesi liguse ngozi kidogo.

Mdundo_Kino:

Mkuu FundiSnea nimekuelewa, na mimi nimeidondosha stiki hapa, inasimama baada ya mara mbili. Naanza na huo mpira wa tairi leo.