AMEKUNG'UTA KITAMBAA CHANGU NJE! Springi ya bastola iko kwenye nyasi

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Yule mtu mnamjua, jina sitaji, yule wa kufika chakula kikishaiva.

Jana hapa Texas nimetoka kupiga shabaha, nikafungua bastola yangu yote mezani, Colt 1851, ile nakala ya bastola ya kale inayotengenezwa na kiwanda cha Pietta. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu. Ukilala bila kuosha kwa maji ya moto na sabuni, unaamka na kutu. Silinda ya risasi nimeiloweka, nipeli sita (vile vichuchu vya kuvalisha fataki) ziko kwenye kikombe, na vidude vyote, skrubu, kabari ya kushika mtutu, springi ya triga, nimevipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa kuvirudisha. Nikaenda jikoni kuongeza maji.

Kurudi, meza tupu! Jamaa amekunja kitambaa, amefungua mlango wa nyuma, AMEKIKUNG'UTA. Kwenye nyasi! Eti "nimekusaidia usafi, kaka, palikuwa pachafu."

Springi ya triga ni uchafu? Kale kenye miguu miwili: mmoja unasukuma triga, mwingine unabana kilimi kinachofunga silinda. Bila hako hupigi hata risasi moja. Na akakung'uta! Vyuma vinalia kwenye ngazi, yeye anaendelea kukung'uta! Nimepitisha sumaku hadi giza, nimeokota skrubu na kizibo cha soda. Springi hakuna. Huyu mtu afukuzwe bara zima.

Mzee wa Fataki: Pole mkuu. Ila kitambaa? Tumesema humu hadi tumechoka, tumia trei ya kuokea keki ndogo, kila tundu na skrubu zake.

Mwenye uzi: Trei haihusiki! AMEKUNG'UTA!

Dada wa Ohio: Mbavu zangu jamani 😂 Msiba wa springi! Tuchange rambirambi?

Chuma Chakavu: Afadhali wewe unaagiza nyingine. Mimi niliagiza ya Pietta, duka likaniletea ya Uberti, kiwanda kingine. Zote zinatoka mkoa wa Brescia, Italia, lakini haikai sawasawa mpaka uipige tupa. Nalalamika, wananijibu "zinafanana". Zinafanana na nini?

Mwenye uzi: Fungua uzi wako mkuu. Mimi kitambaa kimekung'utwa!

Kabari: Kuna mtu aliazima bisibisi zangu za skrubu za bastola akaenda kufungulia kitanda. Ncha zimepinda, sasa zinatafuna vichwa vya skrubu zote. Ni huyo huyo anayefika chakula kikiiva?

Mzee wa Fataki: Ndiye! Drili yangu anayo tangu Ramadhani.

Dada wa Ohio: Drili ya kijani? Alimuuzia shemeji yangu.

Mzee wa Fataki: ALIMUUZIA?? Shilingi ngapi?

Mwenye uzi: Jamani, springi yangu...

Dada wa Ohio: Dola arobaini, na chaja juu.

Mzee wa Fataki: Nipe namba ya shemeji inboksi, sasa hivi.