Naomba ushauri: usaili wa sneya, vikosi vya Drum Corps International

Wakuu, salaam. Najiandaa kwa usaili wa sneya (ngoma yenye nyaya chini yake), na naomba msaada wa waliowahi kuipiga kwenye vikosi vya ngoma na matarumbeta vya Marekani vinavyoshindana chini ya Drum Corps International.

Zoezi la vipigo 8 kila mkono, kijiti kikiinuka urefu wa inchi 9 juu ya ngoma, linakwenda vizuri mpaka mwendo wa mapigo 150 kwa dakika. Kasoro inajitokeza mkono unapobadilika. Kushoto, kiganja kikiangalia juu, kijiti kinashuka hadi inchi 6 na sauti inapwaya. Nahisi kidole gumba kinabana mno, kijiti hakipati nafasi ya kurudi chenyewe.

Kwenye mikazo, yaani vipigo vya nguvu, shida ni nyingine. Baada ya mkazo wa inchi 9, kipigo kidogo kinachofuata kinaruka hadi inchi 5 badala ya 3. Nikikizuia kwa nguvu, kifundo cha mkono kinakakamaa na mwendo unakimbia.

Miguu ndiyo usiseme! Kukanyaga papo hapo, kushoto kwenye pigo la kwanza, ni rahisi mpaka flamu (kipigo kidogo kinachotangulia kidogo tu kipigo kikubwa) zije mfululizo. Hapo miguu inaacha metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) na kufuata mikono.

Je, nirudi mwendo wa 90 nipande kwa 4 kila zoezi likitoka safi, au nibaki 150 nipunguze urefu? Mazoezi ya kupiga juu ya mto wa kulalia yanajenga kifundo kweli? Pedi ya mpira ya mazoezi inarusha kijiti sana, inaficha udhaifu. Na kwenye video ya usaili, kamera iwekwe mbele ionyeshe miguu na mikono pamoja, au walimu hutaka mikono kwa karibu?