Gari ya turbo inakata nguvu nikikanyaga, fundi kasema turbo imekufa. Nimwamini?

mwendo_pole

Wakuu habari. Naombeni msaada maana hii gari imenichosha. Ni petroli lita 1.4 yenye turbo, automatiki, imeshatembea km 138,000. Shida iko hivi, ukiwasha iko poa kabisa, sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) imetulia, ukitembea taratibu huwezi hata kujua kama ina tatizo. Kasheshe inaanza ukitaka kuovateki au ukikuta mlima, unakanyaga inavuta vizuri kama sekunde mbili hivi afu ikifika mzunguko wa 2500 inakata, sio kwamba inazima, inakuwa kama mtu kakushika shati kwa nyuma. Ukizidi kukanyaga ndo haiendi kabisa, ukiachia kidogo inapata nafuu. Juzi nimetoka kuovateki lori, niko ubavuni kwake ikanigomea, nikarudi nyuma ya lori jasho linanitiririka.

Halafu kuna mlio kama mtu anapuliza, fuuuuu, unakuja nikikanyaga na nikiachia unakata. Na siku hizi mafuta inakunywa kuliko zamani, bomba la ekzosi kwa ndani limekuwa jeusi tii.

Taa ya injini iliwaka nikachomoa betri ikapotea, siku ya tatu ikarudi. Fundi kachomeka mashine ikasoma P0299, hapohapo kasema turbo imekufa tutafute nyingine. Hakufungua hata bolti moja. Ea klina nimebadilisha, plagi nimeweka mpya mwezi uliopita kwahiyo hizo mziondoe kwenye hesabu, oili haipungui. Kweli turbo ndo basi tena?

fundi_wa_zamu

Mkuu kabla hujatoa hela ya turbo elewa kwanza hiyo P0299 imesema nini. Imesema kompyuta ya injini iliomba presha fulani ya hewa, sensa ikarudisha jibu kwamba iliyofika ni ndogo. Basi, imeishia hapo. Mtu yuko ghorofani anafungua bomba maji hayatoki, inawezekana pampu imekufa, inawezekana pia paipu imepasuka njiani maji yanamwagikia kwa jirani. Fundi wako kaenda moja kwa moja kwenye pampu.

Na mtu akiniambia kuna fuuuu inayokuja na mafuta na kukata akiachia, mi nusu ya kazi nishaimaliza nikiwa nimekaa. Kuna hewa inatorokea nje. Turbo inasukuma hewa, inapita kwenye mipira, inaingia intakula kupoa (jina lenyewe linakuonya, itakula hela), inatoka inaelekea injini. Njia yote hiyo ina mipira, klipu na oringi, na ukiwa sailensa hamna presha pale, ufa umelala umefunga mdomo hata ukimulika tochi huoni kitu. Ukikanyaga presha inapanda, ufa unafunguka, hewa inaondoka. Ndo maana inavuta sekunde mbili kwanza afu inakata.

Fanya hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua kava la chini, pitisha mkono kwa chini ya kila mpira kuanzia turbo mpaka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), hasa pale unapokunja kona na pale klipu inapobana. Usiangalie kwa juu tu, mipira mingi inapasuka upande usioonekana. Vidole vikirudi na oili iliyoshikana na vumbi sehemu moja tu na kwingine kukavu, hapo ndo pa kukazia macho, ukunje mpira kwa mikono miwili uone kama unatanua mdomo. Ukungu mwembamba wa oili ndani ya paipu usikutishe, huo upo karibu kwa kila turbo iliyotembea. Oili ya kuchuruzika ndo habari nyingine.

Usipoona kitu, tengeneza kizibo chenye valvu ya tairi, ziba mdomo wa kuingilia turbo, jaza upepo pole pole injini ikiwa imezimwa, nusu bar inatosha kuanzia na bar 1 usivuke, afu pulizia maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu likichemka umempata. Usisimame mbele ya hicho kizibo, kikichomoka kinatoka na hasira. Ukisikia upepo unapumulia ndani ya injini usishtuke, kuna valvu zimesimama wazi tu, wewe fuata unaotoka nje.

Turbo yenyewe unaweza kuikagua bila kuishusha. Toa mpira wa kuingiza hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole, zungusha. Ikicheza kidogo kulia kushoto ni kawaida, bila oili ndani lazima icheze. Ikienda mbele na nyuma, au ukikuta mapanga yamekwaruza nyumba yake, hapo fundi wako atakuwa amebahatisha akapatia.

resi_mbili

Toa masega hayo, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Mi nilitoa gari ikaruka kama swala

DadaSpana

@resi_mbili hapana kaka, hiyo ya kutoa masega kila gari ikikosa nguvu tuiache. Masega yakiziba kweli gari inakosa nguvu, tena kwenye turbo ni mbaya zaidi sababu moshi usipotoka turbo nayo haizunguki inavyotakiwa. Ila inapimwa. Unatoa sensa ya oksijeni ya mbele unafunga geji kwenye hilo tundu, ukizungusha 2500 presha isivuke psi 3 hivi. Ikivuka sana masega yameziba, na hata hapo ujiulize nini kimeyaziba, kwa kawaida injini iliyokuwa inamisi (mafuta hayaungui kila mzunguko) muda mrefu au inayokula oili. Ukiyatoa bila kujibu hilo swali umevunja kipimajoto ili homa iishe.

@mwendo_pole nakubaliana na fundi_wa_zamu kuhusu mipira, hata ule ulaji wa mafuta na ekzosi nyeusi vinaelekea hukohuko. Kama gari yako ina sensa ya MAF, ile inayopima wingi wa hewa inayoingia, hewa inahesabiwa mwanzoni kabisa kabla ya turbo. Injini inamwaga mafuta ya kutosha hewa ile iliyohesabiwa, kumbe njiani sehemu imetoroka, kwahiyo mafuta yanazidi, moshi mweusi, nguvu hamna.

Ila mi sipendi kubahatisha wakati gari inaongea yenyewe. Tafuta kile kidude cha OBD cha bluetooth, kinachomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, weka programu ya kusoma data kwenye simu, afu tuletee namba tatu za MAP, yaani sensa ya presha ya hewa inayoingia injini. Ya kwanza funguo ikiwa on bila kuwasha injini, isome sawa na hewa ya nje, ukiwa usawa wa bahari ni karibu 100 kPa, ukiwa milimani inashuka na hiyo sio ubovu. Hapo unaipima sensa yenyewe kama ni mkweli. Ya pili ikiwa sailensa imepata moto, 30 mpaka 40 ni kawaida. Ya tatu ndo mzigo, barabara iwe wazi, gia ya tatu, kanyaga mpaka chini kuanzia 2000, na usiwe wewe unayetazama simu tafadhali, abiria arekodi. Kama programu inaonyesha na presha iliyoombwa rekodi zote mbili.

Na swali la uchokozi, hizo plagi mpya ulipima gepu, ule mwanya cheche inaporuka?

mwendo_pole

Aisee asanteni sana. Plagi sijapima mimi dada, zilitoka kwenye boksi zikafungwa, si mpya lakini?

Namba hizi hapa. Funguo on 99. Sailensa 34. Kwenye mzigo inaombwa 190, inapanda mpaka 128 afu inashuka 121 na hapohapo ndo nasikia ile fuuuu.

fundi_wa_zamu

99 safi, sensa haikudanganyi. Tena toa 99 kwenye 128 uone turbo imekuongezea nini, haifiki hata 30, wakati iliyotakiwa ni zaidi ya 90. Na kupanda afu kushuka huku umekanyaga, huo ni mdomo unaofunguka. Ingekuwa wastegeti (valvu inayopitisha moshi pembeni ya turbo) imeganda wazi ningetegemea isipande kabisa tangu mwanzo. Lala chini ya gari.

kitanda_cha_gia

Naomba kudandia hapahapa wakuu, yangu ni dizeli, inavuta vizuri halafu kwenye mlima mrefu inakata ghafla inakuwa nzito kama trekta, taa inawaka, nikizima nikawasha tena inarudi kama hakuna kilichotokea. Nayo ni mpira?

DadaSpana

Kitanda hiyo ya kwako ni ndugu yake lakini sio yeye. Kuzima na kuwasha kukitibu maana yake gari imejiwekea ulinzi yenyewe, imeona kitu imebana nguvu. Soma kodi ya hitilafu kwanza kwa mashine. Ikiwa P0234 presha imezidi badala ya kupungua, na kwa dizeli yenye turbo ya vipanga vinavyojigeuza mara nyingi masizi yamevikamatisha, vinagoma kurudi. Mpira uliopasuka haujiungi kwa kuzima na kuwasha. Ila fungua uzi wako mwenyewe tusimchanganye mwenye nyumba, huko tutaongea na EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini) na DPF (kichujio cha masizi).

mwendo_pole

NIMEIPATA!! Mpira unaotoka intakula kwenda juu, kwa chini kabisa pale unapokunja, una ufa wa urefu wa kidole gumba. Ukiuangalia hivi hivi huuoni kabisa, nimeukunja ukafunguka kama mdomo wa samaki, na pembeni umejaa tope la oili na vumbi vile vile ulivyosema. Nilishawahi kupamulika pale mara mbili nikapita. Nimeweka mpira mpya na klipu mpya, nimefuta kodi, MAP sasa inafika 188 na fuuuu imeisha. Gari inavuta mpaka raha.

Ila sasa limezuka lingine, au lilikuwepo sikulijua. Nikikanyaga mpaka chini ikifika 4500 inakuwa inakwamakwama, ta-ta-ta-ta, na taa ya injini inapepesa. Nikiachia inaacha. Nisaidieni maana nilishaanza kusherehekea.

DadaSpana

Taa ikipepesa achia mafuta saa hiyohiyo, hapo inamisi na petroli ambayo haijaungua inaenda kuchoma masega yako, usije ukamfurahisha resi_mbili bure 😂

Sasa angalia, MAP inafika 188 kwa hiyo hewa imefika. Kilichobaki ni moto au mafuta, na mi naanza na moto sababu ndo rahisi kufungua. Cheche inaruka kwa shida zaidi hewa ikishindiliwa. Zamani mpira ulikuwa umepasuka hewa yenyewe ilikuwa kidogo, cheche ilikuwa inavuka bila shida. Umeziba ufa, mzigo wote umemwangukia plagi, koili (inayotengeneza umeme wa cheche) inashindwa kurusha moto kwenye gepu pana. Toa plagi, pima kwa fila geji, linganisha na kitabu cha gari yako, usichukue namba ya kwangu wala ya mtu mwingine. Na huku umezitoa angalia koili, kama mpira wake una mstari mweupe au mweusi kwa pembeni moto unavujia hapo.

Ukikuta gepu iko sawa na koili nzima ndo tutaangalia presha ya mafuta kwenye reli wakati umekanyaga. Pampu iliyochoka inakuwa nzuri sailensa, inaaibika kwenye mzigo.

resi_mbili

Nimekaa kimya tu nawasoma

mwendo_pole

Dada naomba msamaha kwa kukwambia plagi ziondolewe kwenye hesabu. Kitabu kinasema 0.7 mpaka 0.8. Nimepima zote nne, tatu ziko 1.1 na moja 1.0. Nikatazama namba iliyoandikwa kwenye plagi, sio ya injini yangu kabisa, ni ya ile lita 1.4 isiyo na turbo, uzi na urefu ni uleule ndo maana zilifunga bila ubishi. Niliuziwa kwa kutaja lita tu na mimi sikutaja turbo.

Nimeweka zenye namba sahihi, nikapima kabla ya kufunga, zote 0.75. Jana nimeipandisha mlima uleule, gia ya tatu, mpaka 6000, imenyooka moja kwa moja haijakwama hata mara moja. Nimempigia yule fundi wa turbo nikamwambia ilikuwa mpira na plagi, kanijibu "sasa si nilikwambia ni upande wa turbo?"

fundi_wa_zamu

😂😂 Huyo mwache. Ukitembea km 500 hivi rudi ukague klipu zile mpya kama zimekaa, mpira mpya unalainika ukipata moto na klipu inalegea. Na uziweke hizo namba za MAP mahali, siku ikianza kulegea tena una pa kulinganishia.