Jeki imebonyeza sampo ya gari yangu Toyota IST, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, niko Mikindani huku Mtwara. Jana mdogo wangu alikua anabadilisha brekipedi za mbele nyumbani, jeki akaiweka kwenye sampo (lile bati la chini ya injini linalokaa oili), gari ikanyanyuka kweli ila sampo imebonyea ndani kama bakuli. Nimetandika kadibodi chini usiku kucha hakuna tone la oili, kijiti kinaonyesha levo iko sawa, asubuhi nikawasha kidogo taa ya oili ikazima ila kuna mlio wa kugonga gonga siuelewi nikazima haraka maana injini nyingine kwa kweli sina uwezo nayo. Hofu yangu bati limegusa lile chujio linalovuta oili.

Je naweza kuiendesha taratibu hadi kwa fundi Mtwara mjini au niivute tu? Na sampo inanyooshwa au ni kununua nyingine?