Naombeni ushauri: nina miaka 59, goti bovu, mbwa wangu kachoka. Nichukue papi (mtoto wa mbwa) mwingine au ndo basi?

Mtanga wa Ruhr

Wakuu habari za leo. Uzi mrefu kidogo mnivumilie, na kama mbwa si mambo yako naomba upite tu kwa amani.

Mimi mtu wa Tanga, niko Ujerumani toka 1992, huku kwenye viwanda vya Ruhr. Mwaka 1997 jirani yangu, mzee mmoja wa Kijerumani (marehemu sasa), alinichukua Jumapili alfajiri tukaenda shambani, ukungu umeshuka, akaniambia simama hapa usiseme kitu. Mbwa wake jemani shepadi akaanza kufuata unyayo, yaani harufu ya nyayo za mtu aliyepita. Wakuu, nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Pua chini ndani ya kila hatua, hakuruka hata moja, mzee yuko nyuma kwenye kamba ya mita 10 haongei, halafu yule mbwa akalala ghafla, na katikati ya miguu ya mbele kuna kipande cha ngozi kidogo kama kiberiti. Mwezi uliofuata nikajiunga na chama cha mchezo huo wa mbwa. Mpaka leo sijatoka.

Kwa wasiojua, mchezo wenyewe zamani uliitwa Schutzhund, baadaye IPO, toka 2019 unaitwa IGP. Sehemu tatu: kufuata unyayo, utii, na ulinzi, yaani kumtafuta mtu kwenye maficho, kubweka bila kumgusa, kumzuia asikimbie, na kuachia kwa neno moja. Kila sehemu pointi 100, na ukishuka chini ya 70 kwenye moja tu umefeli wote. Daraja la tatu unyayo ni hatua 600, umekanyagwa na mtu mgeni lisaa limoja kabla, na kwenye utii mbwa anabeba dambeli ya mbao. Nimefika daraja la tatu na mbwa watatu. Alama yangu kubwa ni 281, kwa 96-91-94, na hiyo karatasi nimeifremu iko sebuleni.

Sasa shida. Mbwa niliyenaye, Baraka, ana miaka 9. Toka Januari anaburuza kucha za mguu wa nyuma wa kushoto, zimelika mpaka nyama, na gari anayorukia mwenyewe miaka yote sasa anasimama ananiangalia nimnyanyue. Kilo 36. Mimi mwenyewe goti limeshafanyiwa operesheni, zamu za usiku bado napiga.

Mfugaji mmoja ninayemwamini ana papi, baba na mama nyonga zao zimepigwa eksrei zikapita, ameniwekea dume mmoja, bei kama euro 1,500, anataka jibu mwisho wa mwezi. Tatizo nikistaafu miaka 7 ijayo nataka kurudi nyumbani Tanga, na huyo papi atakuwa bado na nguvu zake. Mke wangu anasema inatosha. Watoto wanasema chukua. Mama yangu Tanga, ana miaka 84, yeye toka mwanzo hajawahi kulikubali hili jambo na kila nikipiga simu ananiambia nyumba yenye mbwa malaika haiingii.

Nifanyeje wakuu?

Kamba Ndefu

Mkuu kabla ya yote hao mbwa wanakula nini maana mi wangu ugali na dagaa na wako poa tu

Mtanga wa Ruhr

Nyama mbichi na chakula kikavu ndugu. Ugali na dagaa si mbaya kama dagaa ni wengi, angalia tu chumvi.

Askari wa Ngong Road

Mzee wangu pole sana. Mimi niko Nairobi, nafanya na kampuni ya ulinzi, kitengo cha mbwa, mwaka wa kumi na nne sasa. Nakuambia ukweli kama kijana wako: usichukue papi. Chukua mbwa wa miaka miwili au mitatu ambaye mwenyewe ameshindwa kuendelea naye, hao wako wengi tu. Papi wa laini za kazi, yaani ukoo wa mbwa wa kazi, miezi 18 ya kwanza hakuachi ukae, anauma suruali, anauma mlango, anataka kazi asubuhi na jioni, na wewe unatoka shifti ya usiku na goti limevimba. Hiyo si haki kwa mbwa. Huku kwetu nimeona mbwa ambaye handla wake (mtu anayemwongoza) ameacha kazi, wiki nzima hajaguza chakula, anakaa akiangalia geti. Sasa fikiria huyo wako ana miaka saba na wewe unapanda ndege. Utamwachia nani?

Daktari wa Ng'ombe na Mbwa

Mkuu naomba tuanze na Baraka, papi baadaye. Mimi daktari wa mifugo, Dar. Hizo dalili kwa jemani shepadi wa umri huo zina njia mbili kubwa na usizichanganye. Moja ni mishipa ya fahamu kubanwa pale kiuno kinapoungana na mkia. Hii INAUMA. Ukimbonyeza hapo anageuka au anakaa chini, mkia anaushusha hataki kuunyanyua, kuruka hataki kwa sababu ya maumivu. Hii ina dawa, na wengine wanafanyiwa upasuaji wakarudi kutembea vizuri. Ya pili ni uti wa mgongo kufa taratibu, ugonjwa wa kurithi, kuna kipimo cha damu cha jini yake. Huo hauumi kabisa, mbwa anachangamka kama kawaida ila miguu haimsikii, na hauna tiba, unamsaidia tu kwa mazoezi ya kila siku. Je ukimbonyeza kiuno analalamika? Na umeshampeleka kwenye MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) au umekisia tu?

Kuhusu Tanga. Jemani shepadi wapo Tanzania na wanaishi, lakini lile joto na unyevu wa pwani si wa mbwa aliyekulia Ulaya kukimbia saa nne asubuhi. Kupe wanaleta homa mbaya sana kwa mbwa ambaye hajawahi kukutana nazo, na sehemu zenye ndorobo mbwa anapata ugonjwa wake na kwa mbwa ni mkali, macho yanakuwa meupe na anakufa haraka usipowahi. Na kama kuna uwezekano wa kumrudisha Ulaya, pima damu ya kinga ya kichaa cha mbwa HUKO kabla ya kuondoka na iandikwe kwenye pasipoti yake. Ukija kupima ukiwa huku, unasubiri miezi mitatu toka siku ya kutoa damu ndo uruhusiwe kuingia naye.

Mtanga wa Ruhr

Daktari asante sana. Nimemaliza kusoma nikaenda bandani nikambonyeza. Amekaa chini na amenilamba mkono. Kumbe anaumia na mimi nilikuwa namwambia ruka, ruka. Nimeumia sana kwa kweli. Kesho napiga simu kliniki.

Bin Pangani

Assalam aleikum kaka yangu. Mi sijui hayo mashindano ila hilo la mama limenigusa. Usibishane naye. Mama ana hoja yake na ndivyo tulivyolelewa pwani, sisi Mashafii mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo, hilo halina mjadala. Lakini pia Suratul Maida aya ya 4 imewataja wanyama wa kuwinda mliowafundisha, na windo lao limehalalishwa, na mbwa wa kulinda na wa mifugo wanazuoni wamemruhusu. Kwa hiyo mbwa mwenye kazi ana nafasi yake. Wako analala wapi, ndani au nje?

Mtanga wa Ruhr

Waaleikum salaam. Nje, siku zote. Ana banda la mita za mraba 12 lenye sakafu ya mbao, nimejenga mwenyewe. Ndani haingii, nguo za mbwa ziko stoo, naoga ndo naswali. Miaka yote hivyo.

Bin Pangani

Basi mpigie mama umweleze hivyo hivyo. Kwamba analala nje, ana kazi, na swala yako iko pale pale. Inawezekana toka 1997 anafikiri unalala naye kitandani kama anavyoona kwenye TV.

Shangazi wa Utrecht

Kaka shikamoo. Mimi niko Uholanzi, nina mbwa jike wa aina ya malinoa, na nimeacha mambo ya ulinzi miaka mitano iliyopita baada ya bega kung'oka. Nikuulize kitu bila kukukosea heshima. Umeandika aya nzima ya yule mbwa wa shambani kwenye ukungu, ulinzi umeupa sentensi moja. Si unaona mwenyewe moyo uko wapi? Kuna mtihani wa unyayo peke yake, FH, na ule mkubwa ni hatua 1,800, unyayo umelala masaa matatu, vitu vya kutafuta saba kama kile kipande chako cha ngozi, na kuna mtu mwingine anakatisha katikati kumchanganya mbwa. Hakuna kukimbia. Hakuna mtu wa kukuvuta kamba. Unatembea polepole nyuma ya mbwa na goti lako. Nakuuliza, huyo papi unamtaka kwa ajili ya nini hasa?

Mtanga wa Ruhr

Marhaba mdogo wangu. Nimekaa na hilo swali lako siku mbili.

Nitasema ukweli ambao sijawahi kuuandika mahali. Mbwa wangu wa kwanza nilimfundisha kwa kola ya miiba. Wakati ule wote tulifanya hivyo na yule mzee ndo aliyenionyesha, na nilikuwa mwepesi wa kuvuta. Alishinda. Lakini akitembea kwenye kisigino, yaani ubavuni kwangu, masikio yalikuwa nyuma na mimi nilijua kwa nini. Toka 2022 hizo kola sheria ya huku imezipiga marufuku kwenye mafunzo na mimi niliacha kabla, Baraka nimemlea kwa mpira na chakula kwa sehemu kubwa, ila hata yeye mwanzoni nilimkosea. Ndo maana nataka papi. Nataka mbwa mmoja nimfundishe vizuri toka wiki ya nane, nione anafika wapi.

Askari wa Ngong Road

Mzee heshima kwako, wengi hawawezi kusema hivyo. Lakini hilo deni ni la yule wa kwanza na la Baraka. Papi hakudai kitu. Na Baraka bado yuko hapo.

Shangazi wa Utrecht

Nakubaliana na wa Nairobi kwa asilimia mia. Na chama chako si kina vijana? Papi wa mtu mwingine ukimfundisha naye toka wiki ya nane bado umemfundisha vizuri. Yeye anakimbia, wewe unaona.

Mtanga wa Ruhr

Mrejesho wakuu. MRI imeonyesha mishipa inabanwa kiunoni, Daktari ulikuwa sahihi. Ameanza dawa na mazoezi ya maji, upasuaji tutaamua baada ya wiki sita. Nimemwambia mfugaji amuuze yule dume. Iliniuma kukata simu. Kuna binti wa miaka 19 pale chamani alikuwa anatafuta, nimempa namba yake, na nimemwambia nitakuwepo kila Jumapili akitaka.

Jana daktari wa hapa aliruhusu matembezi mafupi kwenye ardhi laini. Nimekanyaga unyayo hatua 150 tu, umekaa nusu saa, vitu viwili. Baraka alitembea polepole kuliko nilivyowahi kumwona, mguu wa kushoto bado unaburuza kidogo, lakini pua haikutoka chini hata mara moja, na kwenye kitu cha pili alilala mwenyewe taratibu, kwanza mbele halafu nyuma.

Shangazi, wewe kwenye FH unatumia hanesi (mikanda ya kifuani) au kola ya kawaida? Nafikiria hanesi ya kifua isiyogusa mgongo. Na vitu vyako vya mazoezi ni ngozi tu au unachanganya na mbao?